Namna ya kukereka kwa Kiingereza: mwongozo kwa anayeanza

Swali ni lile lile kila wiki, anabadilika muulizaji tu. "Mwalimu, umeniboa kwa Kiingereza ni 'you have bored me'?" Kesho yake mwingine: "Mgeni kasema yuko 'fed up', nimwondolee sahani?" Nimejibu barazani Ngamiani, nimejibu kwenye simu usiku, nimejibu hata ndani ya daladala ya Sahare nimening'inia kwenye bomba. Leo nayaandika yote pamoja. Ukiniuliza tena nitakuelekeza huku, na usinune.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyepita shule, Kiingereza cha darasani anacho, lakini mgeni akianza kulalamika anabaki kumtazama mdomo. Tanga ya sasa ina wageni wa kila namna. Kuna waliokuja na kazi za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia hapa kwetu Chongoleani. Kuna wa bandarini, na kuna wanaopita tu kwenda Pangani au Lushoto. Wakiudhika watakwambia kwa nahau. Na wewe ukiudhika, ukiwajibu kwa tafsiri ya neno kwa neno, utaonekana ama mtoto ama mkorofi.

Kwa mafumbo mtu wa Tanga hana cha kufundishwa. Hapa jirani akikuchoka hasemi, anavaa kanga ya "Hasidi hana sababu" na kupita mlangoni kwako mara mbili. Nahau za Kiingereza ni mafumbo vilevile, na maana zake hazichukui muda kushika. Kinachowaangusha wanafunzi wangu ni joto lake. Kila nahau ina kipimo chake cha moto, na anayeanza huokota ile ya moto kupita zote, kwa sababu ndiyo aliyoisikia kwenye filamu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja ambalo halitumiki kwa kitu kingine.
- Simu yenye kinasa sauti. Simu yoyote ile.
- Mtu mmoja wa kuzozana naye kwa mazoezi. Ndugu, mwenzako wa kazini, yeyote asiyeweka kinyongo.
- Uwezo wa kusema jambo kwa wakati uliopo, wakati uliopita, na ule wa "I have". Kama hapo bado panakusumbua, rudi huko kwanza, nahau zitakungoja.
- Kero tatu za kweli, za kwako mwenyewe. Za kitabuni hazishiki kichwani. Mimi zangu ni hizi: jirani anayechoma taka jioni nguo zangu zikiwa kambani, bodaboda anayesema "nipo hapo tu" na kumbe bado yuko Duga, na shemeji yangu anayeazima baiskeli bila kuniambia.

Hatua ya 1: Ng'oa maneno yanayokudanganya

Kiswahili cha mtaani kimeazima maneno ya Kiingereza kikayapa kazi ya hasira ambayo kwao hayaifanyi. Ukiyarudisha kwa wenyewe vilevile, yanafika yamegeuka. Anza hapa, hata kama una haraka.

*Umeniboa.* Kwetu ni umeniudhi, umeniangusha. Kwao "you bored me" ni kwamba mazungumzo yako yalinitia usingizi. Dada mmoja wa mapokezi alicheleweshewa posho, akajikaza akamwendea bosi wake Mzungu na kumwambia "You bored me yesterday." Bosi akaomba radhi sana, akaahidi kufupisha vikao. Posho haikutajwa kabisa. Alichotakiwa kusema ni "I was annoyed about yesterday."

*Amepaniki.* Kwetu amepandwa na hasira. Kwao "panic" ni hofu ya ghafla, ile ya kukimbia bila kujua unakokimbilia. Ukiandika kwenye ripoti kwamba "the customer panicked", meneja atauliza moto ulianzia chumba gani. Andika "The customer lost his temper."

*Amemaindi.* "He minded" peke yake haisimami. Sema "He was offended" au "He took offence." Ila lijue na hili: "Do you mind?" kwa sauti laini ni ombi, kama vile hutajali nikifungua dirisha? Likisemwa kwa ukali, "Do you mind!", mtu amekanyagwa mguu kwenye foleni na anasema hebu bwana, angalia.

*Amenitukana.* Tumezoea "He abused me", na sisi kwa sisi Afrika Mashariki tunaelewana. Mwingereza akilisikia hilo anafikiria kipigo au jambo baya zaidi, na anaweza kukuuliza kama umeshafika polisi. Tusi la mdomo ni "He insulted me." Kama ni lugha mbaya tu, "He was rude to me" inatosha.

*Usinisumbue.* "Do not disturb" ni ya kibao cha mlango wa hoteli. Kwa mdogo wako anayekuvuta shati unaposoma, sema "Stop bothering me", au kwa lugha ya nyumbani, "Stop bugging me." "Bug" ni mdudu, mfikirie mbu anayezunguka sikioni, hutasahau.

Hatua ya 2: Chonga vidato vitano

Umewahi kumwona mkwezi akipanda mnazi uliochongwa vidato? Haruki. Chora daftarini mnazi wenye vidato vitano, kisha panga maneno kutoka chini kwenda juu.

Kidato cha kwanza ni kero ndogo. "It's a bit annoying." "It bugs me."

Cha pili ni kero inayojirudia. "It gets on my nerves." "It's a pain in the neck", maumivu ya shingo, husemwa kwa mtu au kazi inayochosha. Hapa pia pana "my pet hate" ya Waingereza, ambayo Wamarekani huiita "my pet peeve". "Pet" ni mnyama wa kufuga nyumbani. Ni kama kusema hii ndiyo kero ninayoifuga.

Cha tatu ni kuchoka. "I'm fed up with it." "I'm sick and tired of it", na hapo hakuna ugonjwa wowote, usimpe mtu panadol.

Cha nne ni mwisho wa uvumilivu. "I've had enough." "I've had it up to here." "I'm at the end of my tether." "That's the last straw."

Cha tano ni mlipuko. "He hit the roof", kagonga paa. "She blew her top", kifuniko kimeruka. "He blew a fuse", fyuzi imeungua. "He flew off the handle", kama shoka linapochomoka mpinini mtu akiwa anapasua kuni. "I saw red", niliona nyekundu tupu.

Kidato cha tano husimuliwa baadaye, na mara nyingi kuhusu mtu mwingine. Hakuna anayesimama katikati ya ugomvi akasema "I am hitting the roof." Ukisema hivyo, ugomvi utakwisha kwa kicheko.

Onyo: usiruke vidato. Mtu akichelewa dakika kumi mara moja, ukamwambia "I'm at the end of my tether", utakuwa umemwambia kwamba maisha yamekushinda. Atakuitia mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 3: Tenganisha anayekera na anayekerwa

Hili ndilo kosa namba moja, na watu wazima wenye vyeti wanalifanya. "I am annoyed" ni nimekereka. "I am annoying" ni mimi ni kero. Nimemsikia kijana akijitambulisha kwenye usaili, kwa kujiamini kabisa, kwamba akicheleweshewa vifaa vya kazi huwa "very annoying". Msaili aliandika kitu kwenye karatasi.

Dawa unayo kwenye Kiswahili chako, ile *w* ndogo ya kutendwa. Kera, kerwa. Chosha, choshwa. Katisha tamaa, katishwa tamaa. Palipo na *w*, Kiingereza kinataka "-ed": "annoyed", "irritated", "frustrated". Pasipo na *w*, kinataka "-ing": foleni ni "annoying", kelele ni "irritating", kompyuta inayoganda ni "frustrating".

Kisha vihusishi. Ukikasirishwa na mtu, "annoyed with him". Ukikasirishwa na jambo, "annoyed about the delay". Yaandike mara kumi, basi.

Hatua ya 4: Shika nahau tatu tu, uzishike kweli

Najua umeshapakua orodha ya nahau mia. Iache. Tatu hizi zitakubeba miezi sita.

"Get on my nerves." "Nerves" ni mishipa ya fahamu, na hapa daima ni mingi, "on my nerve" si Kiingereza. Anayebadilika ni mwenye mishipa: "That noise is getting on my nerves", kelele zinanikera mimi, "The children were getting on her nerves", watoto walikuwa wakimkera yeye. Wengi husema "You get on your nerves", yaani unajikera mwenyewe. Kabla ya kufungua mdomo jiulize: mishipa ni ya nani?

"Fed up with." "Fed" ni kulishwa. Picha yake ni mtu aliyelishwa mpaka juu, lakini siku hizi haihusu chakula hata kidogo. Shibe ya tumbo ni "full". Kwa hiyo yule mgeni aliyekwambia yuko "fed up" hakuwa ameshiba, alikuwa amechoka kusubiri, na wewe kumwondolea sahani hukumsaidia. Baada ya "with" weka jina la kitu, au tendo lenye "-ing": "I'm fed up with the smoke." "I'm fed up with waiting." Utawasikia Waingereza wengine wakisema "fed up of". Waache, ni lugha yao. Wewe kwenye mtihani andika "with".

"Drive me up the wall." Hakuna gari hapa wala dereva. "Drive" ni kuswaga, kama unavyoswaga ng'ombe. Mtu ananiswaga mpaka napanda ukuta. Zamani yake ni "drove": "His phone drove me up the wall." Nduguze ni "drive me crazy", ya watu wote, na "drive me round the bend", ya Uingereza. Usibadilishe ukuta kuwa nyumba au mti. Nahau ni kama methali, huwezi kusema haraka haraka haina mkate.

Hatua ya 5: Kukwama si kukasirika

Wengi hukwama kwenye neno "frustrated", kwa sababu Kiswahili hakina neno moja la kulifunika. Kamusi itakupa kuvunjika moyo, mtaani watakupa stresi, na yote mawili yanapita pembeni. "Frustrated" ni mtu aliyefanya kila kitu sawa na bado mlango haufunguki. Umepeleka fomu, wamekurudisha kwa ajili ya picha; umerudi na picha, wanataka muhuri; umerudi na muhuri, mwenye dirisha kaenda kula. Hiyo ndiyo "frustrating". Kwa safari hizo za dirisha kwa dirisha, sema "I'm going round in circles", nazunguka palepale.

Ukisema na mtu asiyesikia, kwetu ni kumpigia mbuzi gitaa. Kwao ni "It's like talking to a brick wall", kama kusema na ukuta wa matofali. Mwanafunzi wangu mmoja alimtafsiria mbuzi kama alivyo, "I am playing guitar for a goat", na mgeni akacheka mpaka akakohoa. Nakiri yetu ni nzuri kuliko yao. Lakini mgeni alielewa kwamba kijana ni mwanamuziki.

Kutwanga maji kwenye kinu, ukiwa wewe ndiye mtwangaji uliyechoka, iko karibu na "I'm banging my head against a brick wall". Ukuta ni uleule, safari hii unaugonga kwa kichwa. Na anayehangaika na jambo mpaka anataka kujing'oa nywele husema "I'm tearing my hair out". Mmarekani atasema "pulling". Mwenye kipara anaruhusiwa kuitumia.

Ninayoipenda ni "I'm at the end of my tether". "Tether" ni kamba ya kumfungia mnyama malishoni. Nenda Duga mchana umtazame mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Asubuhi anakula karibu na kigingi. Baadaye majani yameisha pale, anasogea, anakula duara, anasogea tena. Ikifika saa nane kamba imenyooka, shingo imevutwa, na majani mabichi yako hatua moja mbele ya mdomo wake. Anayatazama. Ndiyo maana yake: kamba imeisha, siwezi kwenda mbele tena. Mmarekani husema "at the end of my rope", picha ni ileile. Itamke "tedha", kwa ile *dh* ya dhahabu. Itunze kwa siku nzito, mtoto anaumwa, kodi imefika, na mwenye nyumba yuko mlangoni.

Hatua ya 6: Ngamia

Sisi tunaokaa Ngamiani, mtaa wenye ngamia ndani ya jina lake, hatuna udhuru wa kutoijua hii. "The last straw" ni kipande cha neno refu, "the straw that broke the camel's back". Ngamia kabebeshwa, kabebeshwa, mwisho ukaongezwa unyasi mmoja, mgongo ukavunjika.

"Straw" hapa ni bua kavu au unyasi, usiwaze mrija wa soda. Kila darasa ninalofundisha lina mtu wa mrija.

Kanuni yake ni moja: lazima mizigo ya mwanzo itajwe. Ukisema "That's the last straw" bila kilichotangulia, msikilizaji anatafuta ngamia haoni. "He was late on Monday. He was late on Tuesday. On Wednesday he didn't come at all, and that was the last straw."

"I've had it up to here" haihitaji maelezo marefu. Ni yamenifika hapa, na mkono unapanda uleule, kooni au kwenye paji la uso.

Hatua ya 7: Jifunze kumsikia Mwingereza anayesema kidogo

Zamani kidogo nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni karibu na bahari. Asubuhi moja mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, alishuka ngazi polepole, akaweka ufunguo juu ya meza bila kuurusha, akasema kwa utulivu: "I must say, I'm not best pleased." Mimi masikio yangu yalidaka "best" na "pleased". Nikatabasamu meno yote. "Thank you, madam! Welcome again!" Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kumbe usiku kucha paa lilivuja juu ya kitanda chake.

Mwingereza wa namna ile akikasirika hushusha sauti, na maneno nayo hushuka. Zoea kuyapandisha mwenyewe kichwani:

- "It's not ideal." Jambo ni baya.
- "I'm a little disappointed." Amekasirika.
- "I'm not very happy about this." Hana huzuni, ana malalamiko, na anataka ufanye kitu sasa hivi.
- "With respect..." Anakaribia kukwambia umekosea.

Si kila Mwingereza yuko hivi, na Mmarekani mara nyingi atakwambia moja kwa moja. Ukiona uso mkavu na maneno laini, chukulia ni moto.

Jibu lake: "I'm so sorry about that. Let me sort it out." Na hapa pana mtego wa *pole*. Tunaitafsiri "sorry", na mgeni akijikwaa barabarani ukamwambia "sorry", anakuuliza kwani ulimfanya nini. Kwa jambo ambalo si kosa lako, sema "I'm sorry to hear that" au "Oh no, are you all right?"

Hatua ya 8: Sarufi yenye kero ndani yake

Hapa huhitaji nahau kabisa, na ndiyo sababu walimu wengi wanapasahau.

"My brother-in-law always borrows my bicycle" ni taarifa. Shemeji huazima baiskeli, huenda hata umefurahi. Geuza: "My brother-in-law is always borrowing my bicycle." Sasa umelalamika. "Always" pamoja na "-ing" hubeba ile kazi inayofanywa kwetu na *kila saa*: kila saa anaazima baiskeli yangu! Ukilisema neno "always", livute kidogo.

Ya pili ni "I wish you would". "I wish you would ask first", laiti ungekuwa unaomba kwanza. Ni kali lakini ina heshima, unaweza kumwambia hata mkubwa wako akiwa mwelewa.

Hatua ya 9: Zile za kuelewa tu

"Pissed off" utaisikia kila filamu. Ni lugha ya matusi mepesi. Ielewe, usiitoe kazini. Ikikatwa ikabaki "pissed", inakuwa hatari zaidi: Marekani ni amekasirika, Uingereza ni amelewa. Fikiria uko bandarini unamwandikia wakala wa London kwamba "the captain is pissed." Nahodha alikuwa amenuna tu, wewe umemlevya.

"Ticked off" nayo ina sura mbili. Kwa Mmarekani ni kukasirika. Kwa Mwingereza, "I was ticked off" ni niligombezwa.

Maumivu ya "pain in the" yana viungo vingine vya mwili chini ya shingo. Wewe baki shingoni.

Na kwenye kuguna, tumia "For goodness' sake!" au "For crying out loud!" Utawasikia wageni wakitaja jina la Mungu au la Yesu kwa hasira, na wengine hawaoni neno. Hapa kwetu, palipo na mzee wa msikitini au mama wa kwaya, utakuwa umejiharibia wewe.

Hatua ya 10: Pandisha kero zako mnazini

Chukua ile ya kwanza kati ya zako tatu, uipandishe kidato kwa kidato. Yangu ya jirani na taka inakwenda hivi:

"It's a bit annoying when he burns rubbish in the evening."
"The smoke is getting on my nerves."
"I'm fed up with washing my clothes twice."
"Yesterday my white kanzu turned grey. That was the last straw."
"My wife hit the roof, but I bit my tongue."

"Bite my tongue" ni kuuma ulimi, kujizuia usiseme, na hapo Kiingereza na Kiswahili vimekutana vizuri. Baadaye ukienda barazani ukayatapika yote kwa rafiki, hiyo ni "letting off steam", kutoa mvuke, kama garimoshi la zamani la Tanga kwenda Moshi lilipofungua vali yake lisipasuke.

Jirekodi. Sikiliza. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, na hasira ya Kiingereza inakaa kwenye mkazo. "I've HAD it." "Up to HERE." "FED UP", yote mawili kwa uzito. Ukisoma sentensi nzima kwa uzito mmoja, unasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kero moja kwa siku mbili, kisha mkae na mwenzako mzozane dakika tano bila kurudi kwenye Kiswahili.

Ukikwama

*Nikisema, watu wanacheka.* Angalia mambo mawili: umesema "-ing" badala ya "-ed", au umebadilisha neno ndani ya nahau. Mara tisa kati ya kumi ni moja ya hayo.

*Mgeni haelewi nahau yangu, na nimeitamka sawa.* Kwani ni Mwingereza? Mchina, Mturuki na Mtaliano nao wamejifunza Kiingereza kama wewe, na ukuta wako wa matofali hawaujui. Kwao sema kavu: "I'm annoyed because the lorry didn't come."

*Nahau imenipotea katikati ya ugomvi.* "I'm really annoyed." Hiyo haiozi, iweke mfukoni.

*Nimesema kali kuliko nilivyotaka.* Rudi haraka: "Sorry, I didn't mean it like that. I'm just a bit frustrated."

*Naandika barua pepe ya malalamiko.* Nahau ziache nje, viatu havipandi mkekani. Andika "I am writing to complain about", kisha "I am disappointed that", kisha tarehe na kiasi cha pesa.

*Nimechoka, naweza kusonya tu?* Wengi mnadhani msonyo ni wetu peke yetu na mgeni hatang'amua. Waingereza wenye asili ya Karibiani wana wa kwao, meno yaleyale, ulimi uleule, na wanaujua tangu kwa bibi zao. Kijana mmoja wa hapa alimsonya mgeni wa London akiwa amempa mgongo, anajua yuko salama. Alirudishiwa msonyo mrefu kuliko wa mama yake.